Mtoto wa Hulugho Anajua Wakati, Tumfundishe Saa

Elimu ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya inapojadiliwa, mazungumzo huanzia kwa uhaba wa walimu, ukame na ukosefu wa usalama. Ni haki yaanzie hapo, kwa sababu hayo ndiyo yaliyofunga shule na kuwatawanya wanafunzi. Hata hivyo, ndani ya madarasa yaliyobaki wazi kipo kikwazo kisichozungumzwa sana, nacho ni kusoma saa ya mishale. Duniani kote watoto huchukua miaka kadhaa kuimudu saa hiyo, na kila mwalimu wa madarasa ya chini anajua ni mada ya kurudiwa mara kwa mara. Kwa mtoto wa Hulugho ugumu huo una tabaka za ziada ambazo mtoto wa London hakutani nazo kamwe. Hoja yangu ni kwamba tabaka hizo hazikuletwa na akili ya mtoto wala na maisha ya ufugaji. Zimeletwa na ufundishaji wetu. Tunampa uso mmoja wa saa, hesabu mbili za wakati na lugha tatu, kisha tunanyamaza kana kwamba hesabu ni moja na lugha ni moja. Tukiacha kunyamaza, na tukianzia kwenye wakati ambao mtoto tayari anaujua, sehemu kubwa ya ugumu huo itaondoka kwa gharama ndogo.

Hulugho ni kaunti ndogo iliyo upande wa kusini wa Kaunti ya Garissa, mpakani na Somalia, jirani na msitu wa Boni. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu humo watu 133,984, kati ya wakazi 841,353 wa kaunti nzima. Wengi wao ni Wasomali wafugaji, na mfugaji hawezi kuishi hata siku moja bila kupima wakati. Mwaka wake una misimu minne: Gu, mvua za kuanzia Aprili, Hagaa, miezi mikavu inayofuata, Deyr, mvua za kuanzia Oktoba, na Jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka. Siku yake nayo ina vituo vyenye majina: waaberi kunapopambazuka, barqo jua linapopanda, galab baada ya adhuhuri, fiid giza linapoanza kutanda. Mtoto aliyetumwa kuwarudisha ndama kabla ya magharibi hutazama jua, akajua kama muda uliosalia unamtosha kupitia silangani (bwawani) au haumtoshi. Huko ni kukadiria muda, na kukadiria muda ndio msingi wa kila somo la saa. Mwanafunzi huyu hafiki shuleni mikono mitupu.

Isitoshe, anakulia katika jamii ya Kiislamu ambayo siku yake hupimwa kwa sala tano, na sala hizo zilipimwa kwa jua na kivuli karne nyingi kabla ya saa ya ukutani. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi ambayo Wasomali na watu wa pwani wanayafuata, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Hulugho iko kusini kidogo tu ya ikweta. Kwa hiyo katika miezi ya Machi na Septemba kivuli cha adhuhuri hukaribia kutoweka kabisa, na alasiri huingia kati ya saa tisa na saa tisa unusu. Mtoto wa duksi (chuo cha Kurani) anayezisikia adhana hizi tangu utotoni ana ratiba kamili ya siku kichwani mwake. Lakini akiingia darasani, ratiba hiyo huachwa mlangoni. Somo la wakati huanza na mduara uliochorwa ubaoni, wenye namba 12 na mishale miwili, bila neno lolote la kuufungamanisha na jua, adhana au ndama.

Mduara huo ni mgumu kuliko unavyoonekana kwa mtu mzima aliyeuzoea. Umebeba vipimo viwili juu ya namba zilezile. Namba 3 ni tatu kwa mshale mfupi, lakini ni 15 kwa mshale mrefu, na hiyo 15 haikuandikwa popote. Sharti mtoto azidishe kwa tano kichwani. Dakika 60 hazifuati hesabu ya makumi aliyofundishwa tangu chekechea, kwa maana ni urithi wa watu wa Babeli ya kale waliohesabu kwa sitini. Mshale ulio mkubwa machoni pa mtoto huonyesha kipimo kidogo, na ulio mdogo huonyesha kipimo kikubwa. Mwanasaikolojia Jean Piaget, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1946 kuhusu mtoto na dhana ya wakati, alionyesha kuwa watoto wadogo huchanganya muda na umbali: kilichokwenda mbali zaidi, kwao, ndicho kilichochukua muda mrefu zaidi. Sasa tazama saa. Mshale mrefu huzunguka mara 12 wakati mfupi unazunguka mara moja, ilhali muda uliopita kwa mishale yote miwili ni uleule. Halafu ije nusu: mshale mfupi umesimama katikati ya namba mbili, na mtoto anatakiwa ataje iliyokwisha kupitwa. Ikija kasorobo, anatakiwa ataje ile ambayo bado haijafikiwa. Anayebabaika mbele ya mambo haya yote kwa pamoja si mzito wa akili.

Mtoto wa London akiyamudu hayo, kazi yake imekwisha. Wa Hulugho bado yuko njiani. Katika somo la Hisabati, lenye vitabu vya Kiingereza, mshale mfupi ukiwa kwenye namba 7 asubuhi jibu sahihi ni saba. Katika somo la Kiswahili, pengine siku hiyohiyo na kwa mwalimu yuleyule, mshale ukiwa palepale jibu sahihi ni saa moja. Hesabu ya kwanza huanza katikati ya usiku, ikaanza upya adhuhuri. Ya pili huanza jua linapochomoza, ikaanza upya linapotua. Zote mbili ni sahihi, zimetofautiana kwa saa sita, na kila moja ina mahali pake. Tatizo ni kwamba tumeziweka katika masomo mawili yasiyozungumza. Mtoto anayeandika 1 katika Hisabati hukosolewa, na anayesema saa saba katika Kiswahili hukosolewa. Asipoelezwa sababu, analojifunza ni kwamba saa haina kanuni. Mwanafunzi akishaamini kuwa jambo fulani halina kanuni, huacha kufikiri na kuanza kubahatisha. Hapo ndipo tunapompoteza, na tunampoteza akiwa na umri wa miaka minane au tisa, katika kipimo atakachokihitaji maisha yake yote.

Lugha inaongeza uzito. Nyumbani Hulugho ni Kisomali, kwenye duksi ni Kiarabu cha Kurani, shuleni ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa miongo mingi sera ya elimu ya Kenya imeelekeza kwamba mtoto wa madarasa ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake, lakini sera hiyo haitekelezeki bila mwalimu anayeijua lugha yenyewe, na walimu ndio waliokosekana. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilivamiwa na watu 28 wakauawa, wakiwamo walimu wengi waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyohiyo, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna mwenye utu atakayemlaumu mwalimu kwa kuokoa maisha yake. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyebaki ana madarasa mawili au matatu mbele yake, na hufundisha yale yanayowezekana kwa chaki na sauti. Saa haifundishiki kwa chaki na sauti pekee. Inahitaji kitu kinachozunguka, ambacho mtoto atakishika na kukigeuza kwa mkono wake.

Na saa si mada ya mtihani tu. Baada ya shambulio la Garissa mwaka wa 2015, serikali iliweka kafyu katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Kwa mwenye saa ya mishale, mwanzo na mwisho wa amri hiyo vilikuwa na sura moja; kwa aliyeusoma mshale kwa hesabu isiyo yake, kosa lingeweza kumkutanisha na askari njiani. Katika zahanati, muuguzi anayeandika dawa inywewe kila baada ya saa 8 anazungumzia muda wa kusubiri, na mama anayesikia saa nane anafikiria alasiri changa. Tiketi ya basi la kwenda Nairobi inaweza kuandikwa kwa hesabu moja na kutangazwa kwa nyingine. Mfugaji wa kijijini anaweza kumuuliza jirani, lakini kijana wa kutoka mpakani anayefika Garissa au Nairobi kutafuta kazi, hati au matibabu hukutana na ofisi zinazofunguliwa na kufungwa kwa saa, na hakuna anayemsubiri.

Pingamizi la kwanza, na ndilo lenye nguvu kuliko yote, linasema kwamba simu imekwisha kumaliza jambo hili. Tarakimu ziko kwenye kioo, mtoto azisome, mishale iende makumbusho. Hata mataifa tajiri yameanza kulegea: mwaka wa 2018 Malcolm Trobe, wa chama cha viongozi wa shule na vyuo nchini Uingereza, alieleza kuwa baadhi ya shule zilikuwa zikiondoa saa za mishale katika kumbi za mitihani na kuweka za dijitali, kwa kuwa watahiniwa walishindwa kuzisoma na wakaingiwa na wasiwasi. Ikiwa Uingereza imechoka, wanauliza, Hulugho inang'ang'ania nini? Hoja hii ingekuwa na mashiko kama watu wetu wangetaja wakati kama unavyoandikwa kwenye simu. Hawautaji hivyo. Simu inaandika 7:00 na kila mtu katika duka, kituo cha magari na ofisi ya chifu anasema saa moja. Tarakimu hazikuondoa ugumu wa mtoto wa Afrika Mashariki. Zimemwachia ule ulio mgumu zaidi, wa kuvuka kutoka hesabu moja hadi nyingine.

Na katika kuvuka huko saa ya mishale inaishinda simu kwa mbali. Kwenye uso wa saa, namba ya Kiswahili iko mkabala na namba ya Kiingereza kila mara, bila kubagua. Mshale mfupi ukielekea 7, ng'ambo yake ni 1. Ukielekea 8, ng'ambo ni 2. Kwenye 9 ni 3, kwenye 10 ni 4, kwenye 11 ni 5, kwenye 12 ni 6, na kinyume chake. Mshale mrefu hauguswi, dakika ni zilezile kwa hesabu zote mbili. Kanuni ni moja, inaonekana kwa macho, na mtoto asiyejua bado kutoa na kujumlisha vizuri anaweza kuifuata kwa kidole. Sasa jaribu kwa simu iliyowekwa kwa hesabu ya saa 24. Saa 03:00 ni saa tisa usiku, kwa hiyo unaongeza 6. Saa 13:00 ni saa saba mchana, kwa hiyo unatoa 6. Saa 21:00 ni saa tatu usiku, kwa hiyo unatoa 18. Hizo ni kanuni tatu, na hakuna kinachoonekana kiooni cha kumwambia mtoto atumie ipi. Anayetaka kuondoa saa ya mishale ili kumrahisishia mtoto anayezungumza Kiswahili anamnyang'anya kifaa bora alicho nacho.

Kuna faida nyingine ambayo tarakimu haziwezi kuitoa. Saa ya mishale huonyesha muda kama eneo: robo ni robo ya duara, nusu ni nusu ya duara, na muda uliosalia kabla ya kengele ni kipande ambacho jicho linakiona kikipungua. Mtoto anayejifunza robo na nusu kwenye saa amekwisha kuanza sehemu za hesabu, na anayegundua kuwa kutoka namba moja hadi inayofuata ni nyuzi 30 amekwisha kuanza jiometri. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeweka wakati miongoni mwa vipimo vya Hisabati ya madarasa ya chini, pamoja na urefu, uzani, ujazo na pesa. Kipimo hiki kimoja kinaweza kubeba mada kadhaa, na mahali penye walimu wachache mada inayobeba nyingine ni hazina.

Pingamizi la pili hutoka upande mwingine. Wapo wanaosema kwamba chanzo cha mkanganyiko ni saa za Kiswahili, basi ziachwe na mtoto afundishwe hesabu moja ya kimataifa. Pendekezo hili linaonekana jepesi, lakini linamtoa mtoto katika jamii yake. Saa za Kiswahili si kasoro ya lugha. Karibu na ikweta jua huchomoza na kutua takribani wakati uleule mwaka mzima. Huko Hulugho tofauti kati ya mapambazuko ya mapema zaidi na ya kuchelewa zaidi ni nusu saa hivi. London, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri katikati ya kiangazi, na baada ya saa mbili asubuhi katikati ya baridi. Hesabu inayoanza na macheo isingefaa huko; hapa kwetu inafaa kabisa, na ndiyo sababu Waethiopia nao huhesabu hivyo. Mtoto atakayefundishwa hesabu moja tu ataelewana na kitabu na kupotezana na muuza duka. Atakayefundishwa ya Kiswahili tu ataelewana na muuza duka na kuanguka mtihani. Hakuna njia ya mkato: zote mbili zifundishwe, ila zifundishwe pamoja, siku moja, kwenye uso mmoja, na uhusiano wake ukitajwa wazi.

Pingamizi la tatu ni la wenye uchungu na eneo hili, nami nalisikiliza kwa heshima. Kutoka mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi, na mwishoni mwa 2023 mafuriko yakafuata. Mtoto asiye na maji, chakula wala mwalimu ana haja gani ya saa? Jibu langu ni kwamba hatulazimiki kuchagua. Darasa halitakosa mwalimu kwa sababu limening'inizwa saa, na tangi la maji halitacheleweshwa na kipande cha boksi kilichochorwa saa. Tena, kwa kuwa mtoto huyu huhudhuria siku chache kuliko wenzake, kila siku anayokuwapo inapaswa kufundisha kwa uhakika. Somo linaloanza na jua na kivuli huhama pamoja na familia inapohama, na Baraza la Kitaifa la Elimu kwa Jamii za Wafugaji, lililoanzishwa kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, linaweza kulipeleka katika shule za kuhamahama bila kubeba chochote kizito.

Wapo pia wazee wanaoiona saa kuwa kitu cha wageni kinachokuja kuutawala wakati wa wafugaji. Hofu yao inaeleweka, kwa sababu shule imewahi kumfundisha mtoto kuyadharau maarifa ya kwao. Lakini kupima wakati kwa makini ni sehemu ya urithi wa Kiislamu. Mnamo 1371 Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Umawiya wa Damascus, alitengeneza saa ya jua ya msikiti huo ili kuonyesha nyakati za sala. Leo saa iliyo juu ya mnara wa Makka, yenye uso wa kipenyo cha mita 43 hivi, ni ya mishale. Na katika misikiti mingi ya Afrika Mashariki hutundikwa ubao wenye nyuso ndogo za saa, kila sala na uso wake, mishale ikipangwa kuonyesha wakati wa jamaa. Ubao huo ni kifaa cha kufundishia ambacho jamii imekwisha kukinunua na kukitunza, na mtoto hupita mbele yake mara tano kwa siku. Shule haina budi kuutambua.

Ni nini basi kifanyike? Kwanza, somo lianzie uani. Mwalimu asimike fimbo ardhini na wanafunzi waweke jiwe kwenye ncha ya kivuli kila kipindi kinapokwisha. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu vitabu vilivyofuata mazoea ya Ulaya husema mishale huzunguka kama kivuli cha jua kinavyozunguka. Hiyo ni kweli kaskazini ya mbali. Hulugho, kivuli huzunguka upande wa mishale kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi, jua linapopita kusini, na katika miezi mingine huzunguka kinyume, jua linapopita kaskazini. Mwalimu aliyefundishwa jambo hili atalifanya kuwa ugunduzi wa darasa. Asiyefundishwa atakanushwa na fimbo yake mwenyewe mwezi wa Juni. Kitabu cha mahali hapa sharti kiandikwe kwa kulitazama jua la mahali hapa.

Pili, mishale isiletwe yote kwa mpigo. Saa za kwanza za minara ya Ulaya zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa, na watu waliishi nao kwa karne kadhaa. Wa dakika ulienea baada ya Christiaan Huygens kubuni saa ya timazi mwaka wa 1656. Darasa lifuate mpangilio huohuo. Mtoto akae na mshale mfupi peke yake hadi aweze kusema saa moja imepita kidogo, saa moja inakaribia nusu, saa mbili imekaribia. Akishaujua mshale huo, mrefu utamjia kama nyongeza ya usahihi. Na uso wa saa wa boksi watakaoutengeneza wanafunzi uwe na duara mbili za namba: ya nje kama ilivyo kwenye saa zote, na ya ndani ya Kiswahili, 1 chini ya 7, 2 chini ya 8, hadi mwisho. Kwa mwendo huo mtoto ataiona tofauti ya saa sita kwa macho kabla ya kuambiwa. Mwalimu mwenyeji aitaje kila namba kwa Kisomali kwanza, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza, na ayaweke waaberi, barqo na galab mahali pake pembezoni mwa duara.

Tatu, wenye mamlaka wafanye yao. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iziunganishe mada za saa za Hisabati na za Kiswahili ziwe somo moja lenye kurasa zinazotazamana, na miongozo ya walimu iitaje kanuni ya ng'ambo kwa maneno wazi. Baraza la Kitaifa la Mitihani lihakikishe kila swali la wakati linaeleza linataka hesabu ipi. Tume ya Huduma kwa Walimu iwaajiri na kuwaandaa vijana wa Hulugho, Masalani na Sangailu wafundishe kwao, kwa kuwa ndio wenye lugha zote tatu na ndio watakaobaki. Serikali ya Kaunti ya Garissa, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi chekechea, itundike saa ya mishale inayofanya kazi katika kila darasa la chekechea, kwenye kimo ambacho macho ya mtoto yanafika.

Kwa mzazi wa Hulugho nina ombi moja. Ukirudi kutoka msikitini au silangani, muulize mwanao saa ngapi, kwa Kisomali au kwa Kiswahili, na umpe nafasi ya kulitazama jua kabla ya kujibu. Akikosea usimcheke, muulize ameionaje. Kwa mwalimu, naomba uamini kwamba mbele yako amekaa mtoto aliyekwisha kupima wakati tangu alipoanza kuchunga, na kazi yako ni kumwonyesha jinsi mishale inavyosema yale anayoyajua. Na kwa wanaopanga elimu kule Nairobi: hesabu zote mbili za wakati ni za watoto wa Kenya. Zifundisheni pamoja, na mziweke katika vitabu vya mwaka ujao.